Sikio Lililosimama na Lililoinama

Mbwa wa teria wa Norwich na wa Norfolk hutofautiana hasa kwa masikio: ya Norwich husimama, ya Norfolk huinama. Uingereza iliwaandikisha kama aina moja hadi 1964, Marekani hadi 1979. Siku ya kutenganishwa hakuna mbwa aliyebadilika hata unywele mmoja. Basi aina ni kitu kilichomo ndani ya mnyama, au ni mstari wa daftari tu? Wafugaji hujitetea kwa tabia, utetezi dhaifu: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa.

Katika maboma ya Nyansiongo, Nyamira, mbwa hana cheti. Hujulikana kwa matendo yake. Mmoja hubwekea kila mgeni langoni. Nduguye wa tumbo moja hulala chini ya ghala la mahindi, na huamka tu nguchiro anaponyemelea kuku. Aristotle, aliyetafuta asili ya kila kiumbe katika jamii yake, angepata kazi hapo. Lakini asilimia 9 si sifuri: teria wote wawili walichaguliwa kwa kuua panya, na wote huchimba bustani.