Boga Lililopasuka

Boga lilipasuka usiku, mwishoni mwa Agosti, wala hakuna aliyelisikia. Asubuhi mzee mwenye nyumba ninayopanga alinigongea mlango akasema tu, "Njoo uone." Karibu na kikonyo kulikuwa na ufa wa kuingia vidole vinne, na ndani yake giza. Kwa sheria za mashindano, ufa ukishafika kwenye uwazi wa ndani, boga haliruhusiwi kushindana, hata kama lina uzito wa gari. La pili, mita chache pembeni, lilikuwa zima. Yote mawili yalitokana na mbegu za boga moja, yakapandwa siku moja, yakala mbolea ileile.

Nipo Halifax, Nova Scotia, nasoma shahada ya uzamili ya takwimu. Kwa wapenzi wa maboga makubwa, jimbo hili ni kama kwao. Howard Dill, mkulima wa Windsor, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa, alichagua mbegu mwaka baada ya mwaka hadi akapata aina iitwayo Atlantic Giant. Alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na maboga makubwa ya leo karibu yote yana damu ya mbegu zake.

Mwanzoni niliona ni mzaha wa wastaafu. Kisha nikaliona daftari la mzee. Kila mbegu ina ukoo wake: uzito wa boga iliyotoka, jina la mkulima, mwaka, mama nani na baba nani. Jioni moja ya mwezi wa saba alinituma nikafunike ua la kike kabla halijafunguka, nyuki wasije wakaleta chavua ya ukoo usiojulikana. Alfajiri alichuma ua la kiume alilolichagua, akapaka chavua mwenyewe, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta. Kila mmea aliuachia boga moja tu. Juani alilifunika shuka ili ganda lisikakamae mapema, kwa sababu katika siku zake nzuri boga la aina hii linaweza kuongezeka zaidi ya kilo 20 kwa siku, na ganda gumu halifuati mwendo huo. (Majani aliyopunguza aliyatupa. Mimi niliyekulia Ifakara, kwa mboga ya majani ya maboga, niliumia.)

Kwa hiyo, lililopasuka lilikosea wapi?

Mwaka 1904 William Warnock wa Ontario alipeleka kwenye maonyesho ya St. Louis boga la kilo 183 hivi, na rekodi yake ikadumu hadi 1976. Mwaka 2025 mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walifikisha kilo 1,278. Zamani hizo mjuzi mmoja aliweza kuwaacha wenzake mbali kwa miaka sabini. Leo mbegu bora zinapita mkono kwa mkono, udongo unapimwa maabara, na kila anayefika kwenye mizani ya juu amefanya yote yanayojulikana. Sayansi imewainua wote. Lakini wa kwanza awe nani kati yao, hilo sasa linaamuliwa na mvua ya mawe, usiku mmoja wa joto, ufa. Kadiri ujuzi unavyosambaa, ndivyo bahati inavyopata nafasi ya kuamua.

Hapo ndipo boga liliponikumbusha kaka yangu. Kidato cha sita tulifanya mtihani mwaka mmoja, kwa kuwa yeye alichelewa kuanza shule. Madaftari yaleyale, taa ileile ya sola, na kwenye hesabu yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha. Wiki ya mtihani malaria ikampata. Mimi nilipata daraja la kwanza, yeye la nne. Mama alikuwa na methali mbili. Kwangu alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; kwa kaka, juhudi haiondoi kudura. Sote tulikuwa tumeinama.

Mwanafalsafa Thomas Nagel alishauliza, mwaka 1976, kwa nini kati ya madereva wawili waliozembea sawasawa tunamlaumu zaidi yule ambaye mtoto alikatiza mbele yake. Mimi swali langu ni la upande wa pongezi. Hongera zote zile nilizipokea kama mshahara. Mbaya zaidi, siku ya matokeo nilimwambia kaka, "Ungekaza kidogo tu." Alinyamaza.

Oktoba boga lililobaki lilipimwa, likashika nafasi ya tatu. Watu wakampa mzee mkono. Aliwashukuru, kisha njiani akaniambia lile jingine ndilo lililokuwa linakua vizuri zaidi. Mbegu zake ameziweka kwenye bahasha, na juu yake ameandika uzito aliokadiria kwa futi.

Siku iliyofuata nilimpigia kaka; huku asubuhi, kwao alasiri, yuko dukani kwake kwenye mchele. Nilianza na habari za boga, maana sikujua nianzie wapi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa lile lililopasuka mlilipika?"

Nikamwambia haya hayana ladha, ni maji matupu. Akacheka. Halafu nikamwambia kuna neno nilimwambia siku ya matokeo, na ningependa kulirudisha.

"Lipi?" akauliza, na kwa sauti yake nikajua analikumbuka.