Washairi wa Pande Mbili

Leo nawaza juu ya Mombasa na Lamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1810, Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliungana na Pate kuishambulia Lamu. Wakashindwa vibaya pale Shela, kisiwani Lamu. Lakini upanga haukuwa silaha pekee. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, Lamu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, na mashairi yalivuka bahari kwenda na kurudi, kila upande ukitamba na kumwonya mwenzake. Anayetaka kumjibu mshairi wa aina ya Muyaka hana budi kwanza kumsikiliza kwa makini, ashike fumbo lake, ndipo afumbue. Huo, kwangu mimi, ni uhasama wenye adabu ya kipekee: adui anaheshimiwa kiasi cha kusikilizwa neno kwa neno.

Vita vyenyewe havikumjenga yeyote. Lamu, kwa kuhofia kisasi, iliomba hifadhi ya Seyyid Said wa Oman. Na mwaka 1837 Seyyid huyohuyo akaitwaa Mombasa. Mshindi na mshindwa wakawa chini ya bwana mmoja.

Mashairi yakabaki. Ya Muyaka yalikusanywa baada ya kifo chake kwa juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa, yakachapwa kuwa diwani mwaka 1940.

Mwalimu unayenisikiliza, ukiwasomesha watoto Muyaka, tafadhali wasomee na majibu ya Lamu.