Taa ya Oili

Taa ya oili iliwaka tukiwa hatujafika hata nusu ya safari ya Mpanda kwenda Ikola. Dereva wa Noah akaitazama, akaongeza mwendo.

"Sensa mbovu hiyo," akasema. "Inadanganya."

Tulikuwa abiria wanane, wawili watoto. Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Nami, mwanafunzi wa uzamili katika falsafa, ninayelipiwa ada ili nijifunze kuuliza swali hilo hilo, nilinyamaza. Nilikuwa nawahi mazishi ya shangazi.

Huenda alikuwa sahihi. Katika gari nyingi, sensa ya presha ya oili ni swichi ndogo tu iliyofungwa kwenye injini. Presha ikishuka, swichi inaunga umeme na taa inawaka. Swichi yenyewe ikiharibika, inaweza kuwasha taa ileile. Tatizo liko hapo: mkweli na mwongo wanatamka neno moja. Na presha ikiwa imepotea kweli, dakika chache zinatosha injini kunoki.

Kesho yake, Ikola, nilimkuta dereva kwa fundi, karibu na ziwa. Fundi alichomoa dipstiki: oili ipo. Akachomoa waya wa sensa: taa ikazimika, kwa hiyo waya haukuwa umegusa bodi. Akafungua sensa, akafunga geji mahali pake, akawasha injini mpaka ikapata moto. Mshale ukasimama panapotakiwa. Kazi nzima haikufika saa moja.

"Si nilisema?" dereva akacheka.

Alisema, ndiyo. Lakini hakujua. Mwaka 1877 W. K. Clifford aliandika juu ya mwenye meli aliyejiaminisha kwamba chombo chake kichakavu ni kizima, akakiacha kiondoke na watu. Kwa Clifford, mtu huyo ana hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini.

Basi tutii kila taa? Hapana. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka baada ya mfumo wake kufuata taarifa zisizo sahihi za sensa moja. Watu 157 walikufa. Kuamini bila kupima kunaua. Kukataa bila kupima nako kunaua.

Dereva alitaka kuwahi tripu ya kurudi, mimi nilitaka kuwahi kaburi. Kila mmoja wetu alichukua jibu lililomfikisha. Niliwahi, nikatupa udongo wangu jioni ile. Lakini mle garini mlikuwa na watoto wawili, na mimi nilikuwa na swali mdomoni.