Mwalimu Akianguka, Je, Njia Nayo Yaanguka?



Kuna uchungu usioletwa na adui. Adui akija kutupiga, tulikwisha kumtazamia, na ngao yetu i mkononi. Lakini mtu aliyemkabidhi kiongozi roho yake, kisha akaamka siku moja akaona ya kuwa kiongozi yule alikuwa akijitafutia ukubwa, mtu huyo hana ngao. Kwanza hukasirika, halafu huona haya, na mwisho hujiuliza swali zito: “Miaka yangu yote ile, nilimpa Mungu au nilimpa mtu?”

Swali hili si la dini moja tu. Leo twataka kulitazama katika habari za jumuiya moja ya Kihindu, iitwayo kwa watu wengi Hare Krishna, kwa sababu mambo yake yamejulikana wazi, na waliopatwa nayo wameyasimulia wenyewe.

I. Mzee na vijana

Mwaka 1965 mzee mmoja wa Kihindi, aliyekuwa akitimiza miaka 69, alipanda meli ya mizigo akasafiri mpaka New York, Marekani. Jina lake la utawa lilikuwa A.C. Bhaktivedanta Swami, baadaye wanafunzi wake walimwita Prabhupada. Alizaliwa Calcutta mwaka 1896. Hapo kwanza alikuwa mwenye mke na watoto, akifanya biashara ya dawa. Kisha akaacha yote akawa mtawa. Mafundisho aliyoyachukua yalikuwa ya kale, yaliyoenezwa huko Bengal na Chaitanya, aliyezaliwa mwaka 1486: kwamba Mungu, anayeitwa nao Krishna, hapatikani kwa mali wala kwa wingi wa elimu, bali kwa mapendo, na njia ya mapendo hayo ni kulitaja na kuliimba jina lake pasipo kuchoka.

Mwaka 1966 alianzisha jumuiya yake mle mjini, katika duka dogo lililokuwa tupu. Vijana wakamjia. Wengine walikuwa wamechoshwa na mali za baba zao, wengine walikwisha kuharibiwa na madawa ya kulevya. Aliwapa sheria nne: wasile nyama, samaki wala mayai, wasitumie kileo, wala tumbaku, wala hata chai na kahawa, wasicheze kamari, wasizini. Waliamka kabla ya mapambazuko, wakashika tasbihi ya shanga 108, wakaizunguka mara 16 kila siku huku wakilitaja jina la Mungu wao. Katika miaka michache mahekalu yalijengwa katika nchi nyingi. Hata Nairobi mzee huyo alifika mwaka 1971.

Tusiwacheke vijana hao. Mtu aliyeacha ulevi, akajifunza kuomba, akala chakula pamoja na wenzake baada ya kumtolea Mungu wake, mtu huyo alipata kitu cha kweli. Yatupasa kuliweka neno hili moyoni kabla ya kuendelea, maana bila hilo hatutaelewa ukubwa wa uchungu wao.

II. Viti vya enzi kumi na kimoja

Prabhupada alikufa Vrindavan, nchini Uhindi, tarehe 14 Novemba 1977. Baada yake wanafunzi 11 walishika cheo cha guru, yaani mwalimu wa roho. Waligawana dunia mafungu mafungu, kila mmoja akiwa mkuu katika nchi zake. Wengi wao walikuwa bado vijana. Katika mahekalu waliwekewa viti vya fahari, wakaimbiwa na kusujudiwa kama alivyoheshimiwa mzee wao.

Haikupita miaka 10, na kadiri ya nusu yao walikuwa wamefukuzwa au wamejiuzulu. Aliyejulikana kuliko wote aliitwa Kirtanananda, mkuu wa makao ya New Vrindaban katika jimbo la West Virginia. Wafuasi wake walijenga huko jumba lililopambwa kwa dhahabu, lililofunguliwa mwaka 1979. Mwaka 1986 mfuasi mmoja wa zamani, aliyekuwa akiwashitaki wakuu hadharani, aliuawa kwa risasi mjini Los Angeles, na mtu wa makao yale akahukumiwa kwa mauaji hayo. Mwaka 1987 jumuiya ilimfukuza Kirtanananda. Mwaka 1996 yeye mwenyewe alikiri mahakamani shitaka la ulaghai uliopangwa, akafungwa. Lakini kosa la kuua alilikana.

III. Machozi ya watoto

Walakini hayo yote si mazito kuliko habari za watoto. Mwaka 1971 jumuiya ilifungua huko Dallas shule ya kulala kwa ajili ya watoto wa wafuasi, na baadaye nyingine katika nchi mbalimbali. Watoto wadogo, wengine wa miaka mitano tu, walitengwa na wazazi wao. Wengi walipigwa, wakanyimwa chakula, wakatishwa. Na wengine walinajisiwa na wale wale waliowekwa kuwalinda.

Yawezekanaje watu waliokataa hata kumwua kuku wakaachia mambo hayo? Sababu zake zaeleweka. Wazazi walifundishwa kwamba kumpenda mno mtoto wako mwenyewe ni kamba ya kumfunga mtu na dunia. Tena kazi ya kulea watoto ilihesabiwa kuwa ya chini: mara nyingi alipewa yule aliyeshindwa kuuza vitabu na kukusanya fedha. Basi mwenye bidii alipelekwa barabarani, na asiyefaa popote alipelekwa kwa watoto. Na mtoto aliyelia aliambiwa kwamba imani yake ni haba.

Mwaka 1998 jarida la jumuiya yenyewe lilichapa uchunguzi wa mtaalamu mmoja uliofunua mambo hayo, na mwaka ule ule ikaanzishwa ofisi ya kuwalinda watoto. Mwaka 2000 watu 44 waliokuwa wanafunzi wa shule hizo walifungua kesi huko Dallas. Mwaka 2005 mambo yalimalizika kwa fidia ya dola 9,500,000 kwa mamia ya waliodhulumiwa. Lakini nani aweza kupima utoto wa mtu kwa dola?

IV. Kosa lilikuwa wapi?

Wengine husema: “Kosa ni utii. Asiyetii hadanganywi.” Jibu hilo ni jepesi, lakini halitoshi. Bila utii mtoto hajifunzi kusoma, fundi hapati ufundi, wala mwenye kutafuta sala hajui pa kuanzia. Kila elimu huanza kwa kumwamini aliyetangulia.

Tutumie mfano wa ziwa letu. Mtu akitaka kuvuka, humwachia nahodha usukani, kwa kuwa nahodha ajua pepo na miamba. Hapo abiria atenda kwa busara. Lakini akiona maji yanaingia chomboni, na nahodha amwambia, “Hakuna maji, ni macho yako yenye dhambi,” je, abiria akubali? Hasha! Usukani twaweza kuukabidhi. Macho hatuyakabidhi kwa mtu. Na macho ya roho ndiyo dhamiri.

Basi kosa halikuwa utii, bali kutoa pamoja na utii kitu kisichotolewa. Vijana wale walitoa mali, usingizi, ndoa na jina la ukoo wao. Hayo mtu aweza kuyatoa. Lakini walipoona ubaya kwa macho yao wakajiambia, “Mwalimu hakosi, basi mimi ndiye nisiyeona sawa,” walitoa dhamiri. Na siku ile mtu anapotoa dhamiri yake, hamtolei Mungu sadaka. Amempa mtu mwenzake silaha.

Ajabu ni hii: dini yao wenyewe haikuwaamuru kufanya hivyo. Mapokeo ya Chaitanya yafundisha kwamba neno la guru lipimwe pamoja na maisha ya watakatifu na pamoja na maandiko, mashahidi watatu wakubaliane. Na Mahabharata, kitabu kikubwa cha Wahindu, chasema wazi kwamba mwalimu mwenye kiburi, asiyejua lipi lifanywe na lipi lisifanywe, na aliyeshika njia mbaya, yafaa kuachwa. Basi aliyetoka kwa sababu ya kuwahurumia watoto hakuasi mapokeo yake. Pengine ndiye aliyeyashika kuliko waliobaki kimya.

V. Njia tatu za aliyevunjika moyo

Mtu akisha kuona ukweli huo, njia tatu ziko mbele yake.

Ya kwanza ni kufumba macho. Hujiambia, “Ni majaribu tu, yatapita.” Huyo hajaponya kitu. Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ya pili ni kutupa yote. Husema, “Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sala ni udanganyifu, na wema ni mtego.” Tumwonee huruma, maana jeraha lake ni la kweli, na wala tusimharakishe. Lakini tumwulize polepole: Zile asubuhi ulipoomba kwa moyo safi, nani alikuwa akiomba? Si mwalimu, bali wewe. Wenye njaa uliowagawia chakula, je, hawakushiba kwa kuwa mkuu wako alikuwa mnafiki? Walishiba. Methali ya samaki yafaa kwa kikapu cha mvuvi, haifai kwa moyo wa mtu. Matendo mema hayaozi kwa kulala karibu na matendo mabaya ya mwingine.

Ya tatu ni kupepeta, kama mama apepetavyo nafaka kwenye ungo. Kazi hii ni ya polepole. Hili nililipokea, nalo ni jema: nitalishika. Hili nililisadiki kwa hofu: naliacha. Hili nililitenda mimi mwenyewe, nalo liliwaumiza wengine: nitaomba radhi. Watu wengi waliotoka katika jumuiya hiyo walifanya hivyo. Wengine waliendelea kumwomba Krishna nyumbani mwao bila kumsujudia guru yeyote. Wengine walishika njia nyingine. Sisi hatupimi hapa nani alichagua vema. Twasema tu kwamba mtu anayepepeta hakupoteza miaka yake yote, maana mapendo aliyoyatoa kwa unyofu yalikuwa yake, na hakuna mwivi awezaye kuyafanya kuwa uongo.

VI. Deni la kusema

Hata hivyo kupepeta moyoni hakutoshi, kwa sababu wako waliobaki ndani, na watoto wako miongoni mwao. Aliyeona ana deni.

Mwanamke mmoja Mmarekani, Nori Muster, alifanya kazi miaka 10 katika ofisi ya habari ya jumuiya hiyo huko Los Angeles. Kazi yake ilikuwa kuandika habari njema za jumuiya, nayo ilikuwa ikivunjika ndani. Aliondoka mwaka 1988, na mwaka 1997 alitoa kitabu akisimulia aliyoyaona, pamoja na sehemu yake mwenyewe katika kuyafunika. Neno hilo la mwisho ndilo zito. Ni rahisi kusema, “Walinidanganya.” Ni vigumu kuongeza, “Na mimi niliwasaidia kudanganya.”

Viongozi wengi hunena: “Tusiyaseme hayo nje, jina la Mungu lisije likatukanwa.” Maneno hayo yana sauti ya uchaji, lakini tuyachungue. Jina la Mungu lilitukanwa wakati gani: mtoto alipopigwa gizani, au alipopata mtu wa kumsemea? Kwazo ni tendo lenyewe, si sauti ya aliyelitangaza. Anayeficha ubaya ili kulinda heshima ya dini afanana na mtu anayefunika kidonda kwa kitambaa cha hariri: kitambaa chapendeza, na kidonda chazidi kula mwili.

Wala sisi tusinyoshe kidole kana kwamba nyumba yetu ni safi. Mwaka 2002 habari za Boston zilionyesha ya kuwa hata katika Kanisa Katoliki wakubwa walijua, wakanyamaza, wakamhamisha mkosaji toka parokia hata parokia, na sababu waliyoitoa ilikuwa ile ile: tusilete kwazo. Mahali popote panapokuwa na mtu asiyeweza kuulizwa, na mtoto asiyeweza kusema, hatari iko, uwe wimbo ni wa Krishna au ni wa lugha yetu.

Basi, ndugu msomaji, ukimwona mtu aliyetoka katika jumuiya fulani akiwa na uchungu, usimwambie, “Ulikuwa mjinga.” Hakuwa mjinga, alikuwa na njaa ya Mungu, akaamini mkono uliomnyoshea mkate. Mkae naye, msikilize, wala usimvute upesi aje kwako, asije akadhani ametoka mkononi mwa mtu kuingia mkononi mwa mtu.

Na jioni ya leo kila mmoja wetu, hasa aliye mwalimu, mkuu au mzazi, ajiulize maswali haya:

Walio chini yangu, je, waweza kuniambia nimekosa, bila kuogopa?

Kuna ubaya gani nilioona, nikanyamaza, nikauita unyamavu wangu uvumilivu?

Mtoto akija kwangu leo na neno gumu juu ya mtu mwenye heshima, nitamsikiliza nani kwanza?