Santuri Ileile, Mtaa Mwingine

Msaka santuri wa Soga, wilayani Kibaha, ana unafuu siku hizi. Reli ya Wajerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907, imepata jirani: treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024. Akidamka mapema, anafika Kariakoo jua halijawa kali.

Anaikuta imejaa maghorofa, maboksi na mikokoteni. Mitaa hii na ya Ilala ndiyo iliyolea muziki wa dansi na bendi zake: Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, Western Jazz, kisha Mlimani Park ya mwaka 1978, iliyokuwa ikitumbuiza katika ukumbi wa DDC. Sikinde, mtindo wa Mlimani, ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na Kibaha. Mtu wa Soga anafuata mjini kitu kilichotoka kwao.

Akiipata santuri, anaiinamisha kwenye mwanga kukagua mikwaruzo. Anasoma lebo: Nairobi. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, lakini santuri zilitengenezwa Kenya. Upande mmoja una sehemu ya kwanza ya wimbo, wa pili sehemu ya pili, maana santuri ndogo hubeba dakika chache tu kila upande. Ukumbini wimbo huohuo ulirefuka kadiri wachezaji walivyonogewa.

Sasa, wimbo upi ndio wenyewe: wa santuri au wa ukumbini?

Mwandishi wa kale wa Ugiriki, Plutarch, alisimulia kwamba wanafalsafa walibishana hivyo kuhusu jahazi la shujaa Theseus: likishabadilishwa mbao zote, bado ni lilelile? Dar ina jahazi lake. Bendi ya NUTA Jazz ya mwaka 1964 ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Muhidin Gurumo, mmoja wa waasisi, alifariki mwaka 2014. Waimbaji wamepokezana, majina yamebadilika, na kwa mashabiki Msondo ni Msondo.

Santuri haibadilishi mwimbaji. Ila kila inapopigwa, sindano huila kidogo.

Anayeyalaumu maghorofa kwamba yameua muziki anautaka mtaa ufanye kazi ya santuri: ubaki ulivyokuwa. Dansi lenyewe halikubaki lilivyokuwa. Lilichota rumba ya Cuba na Kongo, likachota ngoma za Uzaramo. Lawama ya haki ina mahali pake kwingine. Ukumbi ukigeuzwa ghala, kijana anayejifunza gita anakosa wakubwa wa kukaa nyuma yao kila wikiendi mpaka zamu yake ifike, na bendi isiyo na wa kupokea haiwezi hata kubadilika.