Nyama ya Njiani na Chungu cha Nyumbani

Neno "muchomo", ambalo kote nchini Uganda ni jina la nyama iliyobanikwa juu ya makaa, asili yake ni kitenzi chetu cha Kiswahili, kuchoma. Huko Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere jijini Kampala, neno hilo husikika kila jioni. Jua likishatua, makaa huwashwa, kuku hupasuliwa na kubanikwa, nyama ya mbuzi hutungwa vijitini, na ndizi za gonja hugeuzwageuzwa kando yake. Wanafunzi, madereva, makarani na wauguzi watokao Mulago hufika hapo, wakala, wakalipa, wakaenda zao.

Jambo hilo laonekana dogo, walakini ndani yake mna swali zito la maadili. Je, mwenye jamaa ana haki ya kushiba nyama njiani, ilhali nyumbani wanamngoja kwa maharagwe?

Wapo wasemao kwamba ana haki kamili. Kwanza, hunena hao, fedha ni jasho lake, na mfanyakazi hastahili kuulizwa juu ya kila senti. Pili, mji si kijiji. Wengi huishi katika chumba kimoja, hawana jiko wala mtu wa kuwapikia, na moto wa Wandegeya ndio jiko lao. Tatu, binadamu huhitaji kula pamoja na rafiki, kwa kuwa mazungumzo nayo ni chakula.

Hoja hizo zina uzito. Lakini ya pili yamhusu mseja, nayo ya tatu haisemi kwamba rafiki sharti awe wa nje tu. Inabaki ile ya kwanza, ya jasho. Hapo hatuna budi kuuliza: ni jasho la nani? Mtu aendaye kazini amefuliwa nguo, amepikiwa uji, na watoto wake wameangaliwa mchana kutwa. Mshahara hulipwa kwa jina la mmoja, bali umechumwa na wawili.

Historia yatufundisha kwamba nyama imetumika tangu zamani kuonyesha nani mkubwa. Katika desturi za kale za Buganda, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku, mayai wala nyama ya kondoo. Kuku alimpika yeye, wala hakumwonja. Na firigisi lilikuwa la mume. Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Afrika peke yake. Mjini New York, mwishoni mwa karne ya 19, wanaume walifanya karamu za nyama ya ng'ombe wakiketi juu ya masanduku na kula kwa mikono, bila visu wala uma, kana kwamba wako porini. Wanawake hawakualikwa. Walipopata haki ya kupiga kura nchini kote mwaka 1920, wanasiasa walioandaa karamu hizo walilazimika kuwakaribisha. Ugumu wa masanduku, basi, ulikuwa mchezo. Ukweli ulikuwa ule mlango uliofungwa.

Je, tuseme basi kwamba kula nje ni kubaya? La hasha. Mwaka 1945 Makerere ilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa kike. Leo binti wa chuo huteremka kilimani, akanunua paja la kuku kwa fedha zake, asimwombe mtu ruhusa. Kile alichonyimwa bibi yake kwenye chungu cha nyumbani, yeye amekipata barabarani. Kwa hiyo njia haina hatia, wala nyumba si takatifu kwa kuwa ni nyumba tu.

Lugha yetu hutusaidia kupambanua. Mlafi na mchoyo si mamoja. Mlafi hula kupita kiasi, akalidhuru tumbo lake; mchoyo huweza kula kidogo sana, lakini humnyima mwenzake. Baba anayekula vijiti viwili vya nyama kisha akanawa mikono na kusukutua kinywa ili asinukie moshi, huyo si mlafi. Kosa lake limo katika kule kusukutua.

Pengine mtu atajibu: basi na afungiwe kipande katika karatasi, akipeleke nyumbani. Ni vema, maana wahenga walinena kwamba kizuri kula na nduguyo. Hata hivyo tutahadhari. Kifurushi kinachotolewa kama sadaka, kwa siku aitakayo mtoaji na kwa kadiri aipendayo yeye, chaweza kuwa ni lile firigisi la zamani lililogeuzwa upande. Mpokeaji hushukuru, lakini bado hana kauli.

Kipimo changu ni hiki: je, waliobaki nyumbani wanajua, nao walishiriki kuamua? Ikiwa mume na mke wamekaa wakapanga kwamba fedha kiasi fulani ni za starehe ya huyu na kiasi fulani ni za yule, basi na ale kwa raha, hata kuku mzima. Ikiwa hapakuwa na shauri, hata mfupa mmoja una deni.

Walimu wenzangu, tunapofundisha ngeli na methali, tusisite kuwauliza wanafunzi wetu maswali ya namna hii. Haki huanza mezani, kabla haijafika bungeni.