Siku za Kuhesabu

Babu alipofariki, bibi yangu alikaa eda chumbani mwake, na mimi, mtoto wa chuoni ambaye ndiyo kwanza nimehitimu juzuu ya Amma, nilipewa kazi ya kumpelekea maji ya kutawadhia na kumwashia taa jioni. Kando ya mswala wake palikuwa na mabakuli mawili ya udongo, na katika moja zilikuwamo kete 64 za komwe, zilizotolewa katika bao la marehemu. Na kila siku, akisha kusali magharibi, bibi alitwaa kete moja akaitia katika bakuli la pili.

“Wahesabu nini, bibi?” nilimwuliza.

“Nahesabu siku, mwanangu.”

“Zikisha, utatoka?”

“Zikisha zitarudi zilikotoka, moja moja. Ndipo nitakapotoka.”

Nilipokua nikajua maana yake. Kizuka hukaa eda miezi minne na siku kumi, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Baqara. Na miezi ile ilipokuwa miwili ya siku 29 na miwili ya siku 30, jumla yake ikawa siku 128, yaani kete 64 kwenda na kete 64 kurudi. Nikajua pia kwamba neno eda lenyewe, katika Kiarabu lilikotoka, asili yake ni kuhesabu.

Na kila nikiutazama umri wa mwanamke Mwislamu, tangu anapovunja ungo hata anapokuwa ajuza, naona kwamba Mola amemkabidhi daftari ambalo mwanamume hakupewa. Huhesabu siku za hedhi, ambazo kwa madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata aghalabu katika mwambao wetu, uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, na wingi wake siku 15. Akijifungua, huhesabu siku za nifasi, aghalabu 40, zisizozidi 60. Ramadhani ikisha, huhesabu siku alizokula kwa udhuru ili azilipe kadha. Akiachwa, huhesabu tohara tatu. Na akifiwa, huhesabu kama alivyohesabu bibi yangu. Kungwi humfundisha mwari namna ya kujitwaharisha na kujisitiri, na hayo ni mema. Walakini ni nadra kumwambia kwamba hesabu hiyo ni ibada.

Kwa kuwa hakuambiwa, mwari hukua akidhani kuwa siku zile amefungiwa mlango, na wako wanaume ambao, wakisikia kwamba mwanamke huacha swala katika siku zake, hulifanya jambo hilo fimbo ya kumchapia, kana kwamba yeye ndiye aliyejipa ruhusa. Mawazo hayo yana jibu katika habari za Bibi Aisha, ambaye katika safari ya hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alipofika mahali paitwapo Sarif aliingia katika siku zake, akaketi akilia kwa kudhani kuwa hija yake imeharibika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomkuta analia hakumkaripia wala hakumrudisha Madina. Alimweleza kuwa hilo ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu, akamwamuru afanye yote wanayoyafanya mahujaji, isipokuwa asiizunguke Al-Kaaba mpaka atwaharike. Tulipime jambo hili kwa makini: yule aliyeandika swala ndiye aliyeandika siku za kuiacha, na anayesimama kwa amri na anayeketi kwa amri wote wawili wametii, ila aliyeketi ametii pasipo kuonekana na mtu. Tena ulimi wake haukufungwa. Dhikri ni yake, dua ni yake, na kumsalia Mtume ni kwake.

Ama katika umri wa uzazi, wakati ambapo mama huamka usiku mara tatu kwa kilio cha mtoto, na akishika tasbihi usingizi humwangukia kabla ya punje ya kumi, nisingemwelekeza mbali na Bibi Hajar. Aliachwa katika bonde lisilo mmea pamoja na mwanawe anyonyaye. Maji yalipomwishia akapanda Safa, akashuka, akapanda Marwa, akarejea, hata zikatimia mara saba. Zamzam haikububujika Safa wala Marwa alikokimbilia, bali pale alipomlaza mtoto. Mbio zile za mama mwenye hofu zimekuwa nguzo ya hija, na kila hujaji, awe sultani au hamali, huzifuata nyayo za mwanamke huku akihesabu moja hata saba, akichelea kukosea.

Kisha huja umri ambao hesabu ya mwezi hukoma. Sura ya Nur imewataja wanawake waliokaa, wasiotaraji tena ndoa, ikawaondolea uzito wa vazi la juu pasipo kuonyesha mapambo, ingawa kujihifadhi ni bora kwao. Wengi huuita umri huo ukame. Mimi naona ni wakati wa kufunga daftari moja na kufungua jingine. Mwana Kupona binti Msham, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, hakujua siku zake zimebaki ngapi, na kwa sababu hiyo hiyo alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa nasaha na dua. Alifariki yapata miaka miwili baadaye, na hata leo mabinti wasiokuwa wa tumbo lake wanausoma.

Jioni ya siku ya 128 niliwasha taa kama desturi. Bakuli la pili lilikuwa limebakiwa na kete moja tu, na bibi, badala ya kufurahi kama nilivyotazamia, aliiinua kete hiyo ya mwisho akaishika kitambo kirefu katika kiganja, kisha akairejesha kwa zenzake, akaniamuru nizipeleke zote baoni.

Kete zile sasa ninazo mimi, na wajukuu wangu huzichezea barazani pamoja na babu yao. Namwomba Mola nisizihitaji upesi. Walakini kila wakisha kucheza huzihesabu, moja hata sitini na nne, kabla ya kuzifunika.